Mali kauli: nani alilipia misafara ya zamani, na nani analipia mashua za Mfangano

Mashua ya asubuhi kutoka Mbita kwenda Sena huwa imejaa hata kabla nahodha hajawasha injini. Siku ile tulijibana katikati ya kreti za soda, mabati mawili, na mama mmoja wa omena aliyebeba magunia matupu yaliyokunjwa vizuri kama nguo za kanisani. Simu yake ikalia. Akasoma meseji, akairudia, kisha akatunyooshea ile simu kwa sababu alikuwa ameona fulana zetu za kampuni.

"Nyathina, hebu niangalilie hapa. Imeingia ngapi?"

Ilikuwa imeingia elfu ishirini, kutoka kwa mnunuzi wake wa Kisumu. Tukampongeza. Akacheka kile kicheko cha mtu mzima anapomsikiliza mtoto. "Imeingia kwa simu yangu," akasema, "lakini si pesa yangu. Hiyo ni omena yake, ni vile tu bado iko majini."

Tulikuwa tunaenda Mfangano kwa kazi ya kawaida, kuwafunza maajenti wapya namna ya kutunza vitabu. Lakini maneno ya yule mama hayakutuondoka. Pesa iko mkononi mwako, namba ni yako, jina ni lako, na bado si yako. Ukifuatilia historia ya biashara Afrika Mashariki utakuta kwamba hali hiyo ina zaidi ya miaka 150, na hata jina inalo: mali kauli. Unachukua bidhaa kwa neno la mdomo, unaenda kuuza, ukirudi unalipa. Misafara mikubwa iliyovuka bara kutoka pwani hadi Kongo ilitembea kwa mali kauli. Na yeyote aliyekopa kwa njia hiyo, awe tajiri wa pembe za ndovu au muuza omena, alikutana na swali lile lile: bei anapanga nani?

Tajiri aliyebeba mali za watu

Watu wengi wamesikia jina la Tippu Tip. Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar, aliyefariki huko huko mwaka 1905. Alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na maandishi hayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mtu anayafungua akitegemea vita na safari, na vimo tele. Kilichotushangaza sisi watu wa pesa ni kingine: madeni. Nani alimpa mali, kwa ahadi gani, na nani alimwamini wakati wengine wanakataa.

Kwa sababu Tippu Tip, pamoja na umaarufu wake wote, hakuingia bara na mtaji wake mwenyewe mfukoni. Pesa ya Zanzibar wakati huo ilikuwa riale ya fedha, ile yenye sura ya malkia wa Austria, na huko bara haikuwa na kazi kubwa. Kilichotakiwa bara ni vitu: kitambaa cha merikani, kilichoitwa hivyo kwa kuwa kilitoka Marekani, kaniki kutoka India, ushanga wa rangi ambayo kila mahali walikuwa na yao wanayoipenda, waya wa shaba, bunduki na baruti. Vyote hivyo vilikuwa katika maghala ya wafanyabiashara wa Zanzibar, wengi wao wenye asili ya Kihindi. Walivitoa kwa mkopo, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu, zilizopimwa kwa frasila. Frasila moja ni kama kilo 16.

Aliyemwamini Tippu Tip kuliko wote alikuwa Taria Topan, mwana wa Kutch aliyefika Zanzibar akiwa kijana mdogo na kupanda hadi akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa kisiwa kile. Ukitembelea Mji Mkongwe leo, lile jengo zuri la baraza za mbao karibu na bandari, ambalo wengi huliita Zahanati ya Zamani, lilianzishwa na yeye. Safari ndefu kuliko zote za Tippu Tip ilianza karibu mwaka 1870, na hakurudi Zanzibar hadi 1882. Hebu fikiria. Mtu anachukua mali yako, anapotea miaka 12, hakuna simu, hakuna barua ya uhakika, na wewe umekaa dukani unangoja.

Ndiyo maana mkopo ule haukuwa rahisi. Anayengoja miaka hutaka kulipwa kwa kungoja kwake, na anayeweza kupoteza kila kitu hutaka kulipwa kwa hofu yake. Lakini mara nyingi hapakutajwa riba waziwazi. Wakopaji wengi walikuwa Waislamu, na riba ni haramu. Gharama ilijificha kwenye bei. Kitambaa ambacho kwa keshi kingeuzwa kwa bei moja, kwa mkopo kiliandikwa kwa bei nyingine ya juu zaidi. Mtu alitoka ghalani akiwa tayari ana deni kubwa kuliko thamani ya alichobeba, kabla hata mpagazi wa kwanza hajainua mzigo.

Na tajiri naye alikuwa na tajiri wake. Wafanyabiashara wa Zanzibar walichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa makampuni ya Marekani, Ujerumani na Uingereza, na kutoka kwa ndugu na washirika wao Bombay. Mnyororo ulianza kwenye viwanda vya nguo vya Massachusetts na kuishia porini Manyema. Kila pete ya mnyororo iliongeza kidogo juu ya bei.

Kulipa hungekwepa, na hapa ndipo ujanja wa mfumo ule ulipokuwa. Sultani wa Zanzibar hakukusanya ushuru wa forodha mwenyewe. Alikodisha kazi hiyo kwa mfanyabiashara aliyemlipa kiasi maalum kila mwaka, naye mfanyabiashara akabaki na kilichozidi. Kuanzia miaka ya 1830, kwa muda mrefu, kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji. Miaka ya 1860 na mwanzoni mwa 1870 wakala wake aliyejulikana zaidi alikuwa Ludha Damji. Nyumba hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikikopesha. Kwa hiyo pembe zako zikifika pwani zinapita mlangoni pa nani? Pa mtu unayedaiwa naye. Mizani ni yake, daftari ni lake, na ushuru ni wake. Tafadhali ishike hiyo picha ya mizani, tutairudia tukifika ufukweni.

Safari yenyewe ilikuwa na gharama nyingine nyingi. Mpagazi mmoja, na wengi walikuwa Wanyamwezi waliokuwa na ujuzi wa kazi hiyo, alibeba kama kilo 30. Piga hesabu: tani moja tu ya mizigo ni watu zaidi ya 30, wanaokula kila siku kwa miezi. Kisha kila mtawala ambaye ardhi yake ilipitiwa alidai hongo. Siku hizo hongo ilikuwa ada ya kupita, ya halali kabisa, inayojadiliwa mchana mbele ya watu. Sisi tumebaki na neno tu, na maana yake tumeiharibu wenyewe.

Hatuwezi kuisimulia biashara hii kana kwamba ilikuwa ya vitambaa na pembe peke yake. Misafara mingi ilibeba pia watu waliotekwa, wakauzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utekaji bara haukukoma siku hiyo. Deni lililoandikwa dukani Zanzibar lililipwa, kwa sehemu, na watu ambao hawakukopa chochote na hawakujua kwamba kuna daftari.

Mzigo uliouzwa na mbebaji

Kuna kisa kimoja cha wakati ule ambacho kila mtu aliyewahi kutuma pesa kwa mkono wa mtu atakielewa. Mwaka 1871 David Livingstone alifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa mgonjwa na amechoka. Kilichompa nguvu ni kujua kwamba mali yake imeshatumwa kutoka Zanzibar na inamngoja pale. Akafika, akakuta hakuna kitu. Aliyekabidhiwa mzigo alikuwa ameuza karibu vyote. Vitambaa na shanga vilivyokuwa chakula chake cha miezi viliishia kwenye biashara ya mtu mwingine.

Aliyemwokoa ni Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald. Na Stanley mwenyewe nusura akwame kabla ya kuanza. Alipofika Zanzibar mwanzoni mwa mwaka huo, pesa za mwenye gazeti hazikuwa zimefika. Ilibidi balozi mdogo wa Marekani pale, Francis Webb, asimame kama mdhamini ndipo wafanyabiashara wakampa mali. Kwa hiyo ile safari maarufu yenye kusimuliwa hadi leo ilianza kwa neno la mdhamini na mali ya kukopa.

Ndiyo sababu wafanyabiashara wenyewe hawakupenda kubeba thamani mkononi pale ilipowezekana kuepuka. Walitumia hundi: karatasi ya mfanyabiashara wa mji mmoja ikimwambia mshirika wake wa mji mwingine amlipe fulani kiasi fulani. Pesa haisafiri, neno ndilo linalosafiri. Neno hundi sisi bado tunalitumia kwa cheki ya benki. Na pesa ya simu, ukiivua teknolojia yote, ni mtoto wa ukoo huo. Unampa ajenti wa Sena keshi, ajenti wa Kisumu anamlipa ndugu yako, na hakuna noti iliyopanda mashua.

Kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwezi Machi 2007, ada ya shule kutoka kisiwani ilipanda mashua kweli. Wazee wa Mfangano walituhadithia: bahasha ilipewa nahodha, nahodha akampa utingo wa matatu, utingo akampa mtu wa dukani. Mara nyingi ilifika. Zile ambazo hazikufika ndizo zinazosimuliwa.

Kampuni iliyofanyiwa mchango

Wazungu walipoamua kutawala na si kusafiri tu, walikutana na hesabu ile ile. Kampuni ya William Mackinnon, iliyoitwa Imperial British East Africa Company, ilipata hati ya malkia mwaka 1888 na kuweka makao Mombasa. Mtaji uliochangwa na wenye hisa ulikuwa pauni 250,000. Kwa pesa hiyo ilitegemewa itawale kuanzia bahari hadi Uganda, ifungue njia, ilipe askari, na bado ilete faida.

Haikuwezekana. Kutoka Mombasa hadi ziwani kila kitu kilibebwa kichwani au mgongoni, na bidhaa pekee iliyostahimili gharama ya safari hiyo ilikuwa pembe za ndovu. Frederick Lugard alifika Kampala Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni, na kabla mwaka uliofuata haujaisha kampuni ikatangaza kwamba inaondoka, pesa zimekwisha. Ndipo likatokea jambo ambalo Mkenya yeyote atalitambua: mchango. Marafiki wa Church Missionary Society huko Uingereza, wakihofia wamisionari wao watabaki peke yao, walichanga takriban pauni 16,000 ili kampuni ikae Uganda mwaka mmoja zaidi. Harambee ya kuokoa kampuni ya biashara, miaka 70 kabla neno harambee halijawa wito wa taifa letu.

Mwaka uliongezwa, hesabu haikubadilika. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi, na kampuni ikalipwa pauni 250,000 iondoke. Sasa sikia ilivyolipwa. Pauni 50,000 zilitoka kwa serikali ya Uingereza. Zile 200,000 zilikuwa pesa ya Zanzibar, ambayo Ujerumani ilikuwa imelipa kwa ajili ya pwani ya bara, na Waingereza ndio waliokuwa wakiitunza. Yaani Sultani aligharamia mwenyewe kuikomboa pwani yake kutoka kwa kampuni, kisha pwani hiyo hiyo akakodishiwa Mwingereza. Tangu hapo alilipwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 za kodi, na 6,000 ambazo ni riba ya 3% ya pesa yake ile.

Tulipoipiga hesabu hiyo ofisini tulinyamaza kidogo. Halafu mwenzetu mmoja akasema, "Huyo alipewa ofa." Tunaipenda hiyo.

Stima zinapita, duka linafika

Reli ilifika ufuo wa ziwa, pale tunapopaita Kisumu, Desemba 1901. Ilikuwa imegharimu kama pauni milioni 5.5. Sehemu hii yote ya ziwa ilikuwa bado chini ya Uganda wakati huo. Ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Stima ya kwanza, iliyopewa jina la yule yule William Mackinnon, ilikuwa imeletwa vipande vipande na kushushwa majini mwaka 1900. Stima zilizotoka Kisumu kwenda Entebbe zilipitia mkondo wa Rusinga, na mtu aliyesimama juu ya vilima vya Mfangano aliweza kuona moshi wake.

Lakini mtaji uliomfikia mtu wa kawaida haukuja na stima wala reli. Ulikuja na duka. Mtu wa kutajwa hapa ni Allidina Visram, naye wa Kutch, aliyefika pwani akiwa mtoto na kujifunza kazi Bagamoyo katika biashara ya kugharamia misafara. Misafara ilipoanza kufa, yeye aliigeuza ile mali kauli kuwa mtandao wa maduka kutoka pwani hadi Uganda. Wenye maduka wadogo walichukua sukari, chumvi, vitambaa na mafuta ya taa kwake kwa mkopo, wakauza, wakarudisha. Kule ambako benki haikuwepo, yeye ndiye aliyekuwa benki, hata maafisa wa serikali walichukua pesa kwake. Alifariki mwaka 1916, na shule ya sekondari yenye jina lake iko Mombasa hadi leo.

Mfumo haukufa, basi. Ulipungua ukubwa tu, ukashuka kutoka msafara wa watu mia hadi gunia moja la chumvi.

Mizani ya ufukweni

Sasa turudi Sena.

Mvuvi wa mbuta anahitaji mashua, injini, nyavu au ndoana, na mafuta ya kila siku. Wa omena anahitaji nyavu ndogo na taa, kwa sababu omena huvuliwa usiku wa giza, taa zikielea juu ya maji kama mji mdogo. Vitu hivyo ni ghali, na benki haipendi dhamana inayoweza kuzama. Anayempa ni mnunuzi au wakala wa mnunuzi. Anakuja na mashua yenye barafu, anakupa nyavu, anakupa mafuta, pengine anakulipia hospitali mtoto akiugua. Hatuwezi kumwita mtu huyo mbaya. Siku ya shida ndiye anayefika kwanza.

Sharti lake ni moja: samaki wako wote uniuzie mimi. Mizani ni yake. Bei pia.

Tulikaa na vijana watatu chini ya mti, karibu na mahali omena inaanikwa, tukapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme umepewa nyavu na injini kuukuu, jumla shilingi 60,000, na makubaliano ni kwamba hakuna riba. Ufukweni mbuta anauzwa, tuseme, kwa bei fulani kwa kilo, lakini wewe unampa wakala wako kwa shilingi 30 pungufu. Unavua kilo 20 kwa siku. Hapo kila siku unaacha shilingi 600. Kwa siku 25 za kazi ni 15,000. Miezi minne, 60,000.

Kijana mmoja akasimamisha kijiti. "Sasa hapo si nimemaliza?"

Hujamaliza. Deni bado liko pale pale, 60,000 kamili, kwa sababu zile 30 hazikuandikwa popote kama malipo. Ziliitwa bei. Ni kitambaa cha merikani kilekile, kinachoandikwa juu ukikichukua na kupimwa chini ukikilipa. Wa pembe za ndovu alijua kwamba anaongezewa; wa mbuta mara nyingi haambiwi, na pia haulizi, kwa kuwa kumuuliza mtu aliyekulipia hospitali ni kama utovu wa adabu.

Yule mama wa omena yuko mahali pagumu zaidi. Bei ya gunia imeshapangwa Kisumu kabla hajafika Mfangano. Mvua ikinyesha siku mbili, omena isipokauka vizuri, inakuwa chakula cha kuku na bei inaanguka. Hasara hiyo ni yake. Mbalamwezi ikijaa, wavuvi hawaendi, elfu ishirini ya mtu inakaa kwa simu yake huku watoto wanataka kula. Hapo majaribu ni makubwa, na akiigusa ameanza mwezi mwingine kwa deni.

Na kuna deni jingine ambalo halipimwi kwa mizani, nalo pwani yote ya ziwa inalijua kwa jina la jaboya. Mwanamke asiye na mtaji anapewa samaki na mvuvi kwa makubaliano ambayo si ya pesa peke yake. Tunalitaja kwa sababu mazungumzo ya mtaji ufukweni yakiliruka hayatakuwa ya kweli. Upande wa Kisumu, kina mama wa Nduru Beach walianza mwaka 2011 kumiliki mashua zao wenyewe, kikundi chao kikajulikana kwa jina No Sex for Fish, na mwenye mashua akawa ndiye anayeajiri mvuvi. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwahamisha na kuwarudisha nyuma sana. Hata hivyo walikuwa wameshaonyesha wazi kwamba tatizo halikuwa tabia ya wanawake, lilikuwa ni nani ananunua mashua.

Na sisi je?

Tusijifanye malaika. Mikopo ya simu nayo ina namna yake ya kujificha. Haiitwi riba, inaitwa ada. Tuseme ada ni shilingi 75 kwa kila 1,000 kwa siku 30. Inaonekana ndogo, bei ya soda na mandazi. Lakini ukikopa, ukilipa, ukakopa tena kila mwezi mwaka mzima, umelipa shilingi 900 kwa kuitumia ile elfu moja. Bosi wetu hatapenda sana aya hii, ila tuliahidi kwamba ukurasa huu ni wa kumfundisha mteja.

Hiyo haimaanishi usikope. Ada ya simu angalau unaiona kabla ya kubonyeza, na ukimaliza kulipa umemaliza. Ukiwa na deni la wakala na la simu, yaweke yote mawili kwa lugha moja: kwa mwezi, linanigharimu shilingi ngapi? La wakala utalipata kwa kuzidisha ile tofauti ya bei na kilo zako. Wavuvi wengine hugundua kwamba mkopo wa chama, au hata wa simu kwa miezi miwili tu, ungewatoa kwenye mizani ya mtu. Wengine hugundua kwamba wakala wao kwa kweli ni mwenye haki. Hilo nalo ni la kujua, na hutalijua bila hesabu.

Mwambie wakala akulipe kwa simu, hata kama mko hatua tano tu kutoka kwa mwenzako, na siku unayopunguza deni umtumie kwa simu pia. Ile meseji ina tarehe, kiasi na jina, nayo hukaa upande wako. Tippu Tip alitegemea kumbukumbu yake na daftari la tajiri. Usifute meseji ati simu imejaa. Futa video za arusi. Ukibadilisha simu, omba taarifa ya miamala yako, unayo haki nayo. Kama unabeba pesa ya mnunuzi, iweke kwenye laini yake ya pekee, laini ya pili haina gharama kubwa, ili siku za mbalamwezi ikukatie tamaa. Na kabla ya kubonyeza tuma, soma lile jina linalotokea. Unajua yaliyompata Livingstone. Namba ya siri hatutaisema tena, tumeisema mpaka imechosha: si ya ajenti, si ya nahodha, si ya mtoto wa jirani anayejua simu.

Tulirudi Mbita siku ya pili, mashua ikiwa imelemewa na magunia yenye harufu ya jua na chumvi. Yule mama alikuwa amekaa juu ya yake saba. Alikuwa amenunua daftari la shule, lile la mistari lenye jedwali la hesabu nyuma, akalifungua juu ya goti na kutupa kalamu.

"Andika hapa vile mlisema jana," akatuambia. "Upande huu yake, upande huu yangu."

Tukachora mstari katikati. Akatazama upande wake, ulikuwa bado mweupe. Akafikiri, kisha akatuambia tuandike magunia mawili, kwa sababu hayo alikuwa ameyanunua kwa pesa yake mwenyewe na mnunuzi wa Kisumu hajui kama yapo.